Lugha yako mwenyewe ya programu, opereta zako (alama kama + na *): jinsi ya kumruhusu mtu aandike a + b kwenye aina aliyoitengeneza

Umeunda lugha yako, parsa (sehemu inayochambua kodi iliyoandikwa) inasoma vizuri, namba zinajumlishwa, sasa anakuja mtu na aina yake ya Vekta anataka aandike a + b * 2 badala ya a.jumlisha(b.zidisha(2)). Ana haki kabisa, fomula ya pili inachosha macho. Ila kabla hujamfungulia mlango jua kwamba Go imekataa kitu hiki, Java nayo ukitoa namba inaruhusu + ya maneno (String) tu, na sababu yao inaeleweka: anayesoma akiona + anataka ajue kinachotokea bila kwenda kufungua faili lingine.

Anza hivi. Opereta iwe ni funksheni ya kawaida yenye jina maalumu, kompaila (programu inayotafsiri kodi) ikikutana na a + b inaigeuza kuwa wito wa hiyo funksheni basi. Python jina ni __add__, Rust unatekeleza treiti (orodha ya funksheni ambazo aina inaahidi kuwa nazo) inayoitwa Add, Kotlin unaandika funksheni ya plus na lazima utangulize neno operator. Mi napenda ya Kotlin, kwa sababu mtu hawezi kupata opereta kwa bahati mbaya eti kisa metodi yake (funksheni ya aina hiyo) inaitwa plus. Ipi inaanza kati ya * na + iachie parsa, mtumiaji asiguse. Haskell na Swift zinakuruhusu mpaka kubuni alama mpya na kuipangia nafasi yake, inapendeza lakini usianzie huko.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye pande mbili. vekta * 2 ni rahisi, unamuuliza vekta. Je 2 * vekta? Upande wa kushoto kuna namba nzima, na namba haijawahi kusikia kuhusu Vekta, na aliyeandika Vekta hawezi kwenda kuifungua namba aiongezee metodi. Kama lugha yako inaangalia aina wakati programu inakimbia, fuata njia hii:

2 * vekta
→ muulize 2, akisema "sijui"
→ muulize vekta kwa metodi ya kinyume
→ naye akisema "sijui", hapo ndo eroo

Python inafanya hivyohivyo, __mul__ inarudisha NotImplemented halafu inajaribiwa __rmul__ ya upande wa kulia. Cha muhimu metodi ya kwanza isitupe eroo yenyewe, irudishe tu ile ishara ya sijui, maana ikitupa eroo wa kulia hatapewa nafasi kamwe. Kama aina zako zinajulikana mapema kwenye kompaila basi chagua kwa kuangalia aina zote mbili kwa pamoja, na zikipatikana funksheni mbili zinazofaa sawa kompaila ikatae, isikisie.

Jibu nalo lisilazimishwe kuwa aina ileile. Tarehe kutoa tarehe inazaa muda, umbali kugawa kwa muda inazaa kasi, na tarehe kujumlisha tarehe haina maana yoyote kwahiyo isiwepo. Kuacha opereta nje ni sehemu ya kazi pia.

Usawa uupe uangalifu wa peke yake. != itoke kwenye == moja kwa moja, mtu asiandike zote mbili zikaja kupingana. Na vitu viwili vikiwa sawa lazima hashi zao (namba zinazotumika kuvitafuta haraka) ziwe sawa, la sivyo unaweka kitu kwenye dikshenari halafu ukikitafuta hukioni. Python ukiandika __eq__ bila __hash__ inaizima hashi kabisa, ni ukali mzuri huo.

Alama && (ya "na") pamoja na || (ya "au") usiruhusu mtu azibadilishe. C++ iliruhusu, na ukizibadilisha upande wa kulia unahesabiwa kila mara hata kama wa kushoto umeshatoa jibu, kwahiyo ile kinga ya kuangalia kwanza kama kitu kipo inakufa kimyakimya.

Alafu kuna +=. Mtu asipoiandika, igeuze iwe a = a + b. Akiiandika ibadilishe kitu palepale, hapo mtego ni kwamba majina mawili yanaweza kuwa yanashika kitu kimoja, kama orodha za Python: c = a, halafu c += [1], na a nayo imebadilika, wakati c = c + [1] ingeiacha a salama. Nimewahi kukaa siku mbili natafuta kosa la namna hiyo, kodi yote ilikuwa inaonekana sahihi. + yenyewe isibadilishe kitu chochote, andika hilo kwenye maelezo ya lugha.

Mwisho ujumbe wa eroo. Usiseme "opereta batili", taja aina zote mbili na mstari: "mstari wa 14: hakuna + kati ya Tarehe na Tarehe", na kama Tarehe + Muda ipo, imwonyeshe hapohapo.