Somo: Kufundisha Kiswahili kwa mambo ya anga, tukianzia na mwezi wa kwetu Mikindani, pwani ya Mtwara

Walimu wenzangu, mara ya kwanza nilipofundisha mada ya anga darasa la nne nilibandika sayari nane ukutani kwenye karatasi ya manila, watoto wakakariri kama kasuku. Nikawapa insha. Karibu wote waliandika "Sayari ni nzuri na zinapendeza." Basi. Ukiwauliza hao hao habari za bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, lini mama zao wanashuka pwani kuvua pweza na kuokota chaza, hawanyamazi. Ndiyo maana sasa naanza na mwezi wanaoujua, sayari zinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Daftari la mwezi. Anza siku mwezi unapoandama. Kila mtoto achore umbo la mwezi na kuandika sentensi moja tu: ameuona wapi, saa ngapi, bahari ilikuwaje. Endelea majuma mawili, mpaka mwezi mpevu. Usisahihishe kwa kalamu nyekundu wiki ya kwanza, wataogopa kuandika. Hapa ndipo msamiati unapojileta wenyewe: hilali (mwezi mwembamba ulioandama), mbalamwezi, kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana). Watagundua pia kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Waache wagundue, kisha waulize kwa nini tunasema "mwezi" kwa kitu cha angani na "mwezi" kwa siku thelathini. Toka hilali moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu hivi. Mtoto akilipata hilo peke yake, halisahau.

Hatua ya 2: Ngeli. Huku kwetu kosa kubwa ni "jua imetoka" na "mwezi imetoka". Chukua sentensi zao wenyewe uziandike ubaoni: jua limezama, mwezi umeandama, nyota zinameta, kimondo kimeanguka. Waulize nini kimebadilika. Kisha geuza kuwa wingi. Dakika ishirini zinatosha, ngeli ikizidi inachosha.

Hatua ya 3: Kilimia. Novemba giza likiingia, toka nje utazame mashariki: kile kishada cha nyota kinachochomoza ndicho kilimia, na jina lake limetokana na kulima. Wazee waliosafisha mashamba wakingoja mvua walikuwa wakisoma anga. Wape methali: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Wakaulize nyumbani bibi na babu wanakiitaje, kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, na walikuwa wakifanya nini kikionekana. Kesho yake wasimulie darasani kwa Kiswahili.

Hatua ya 4: Mahojiano. Septemba 1, 2016 jua lilipatwa kipete, likabaki kama pete, kusini mwa nchi yetu. Wanafunzi wetu wengi walikuwa bado kuzaliwa, lakini wazazi wanakumbuka. Mtoto aulize: "Ulikuwa wapi siku ile?" Aandike maneno ya mzazi kama yalivyo, halafu ayageuze: "Mama alisema kwamba..." Usemi halisi na usemi wa taarifa umeupata bila kufungua kitabu.

Hatua ya 5: Barua kutoka Mwezini. Sasa ndiyo uwape mambo ya mbali. Binadamu walitua Mwezini mara ya kwanza Julai 1969. Kule hakuna hewa, kwa hiyo hakuna upepo wala sauti, na nyayo zao hazijafutika. Uzito unapungua mpaka sehemu moja ya sita: mtoto wa kilo 30 akipanda mizani kule inasoma kilo 5. Sayari ya Mirihi ni nyekundu kwa sababu udongo wake una kutu, kama ile ya nanga iliyotupwa ufukweni. Waambie: umefika, mwandikie mdogo wako barua. Mwaka huu hakuna aliyeandika "inapendeza".

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu wa Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Sayari iliyo karibu zaidi na jua, kitabu kimoja kinaiita Utaridi, kingine Zebaki. Nishike lipi?*

Marahaba. Fundisha yote mawili, ila ubaoni tumia lile lililo kwenye kitabu chao cha darasa. Zebaki ni jina pia la ile metali ya majimaji inayotumika kwenye kipimajoto, kwa hiyo una somo la neno lenye maana mbili.

*Mzazi, Lindi mjini: Mwalimu, mtoto wa miaka tisa atoke nje usiku kutafuta mwezi?*

Hapana, mama. Hilali huonekana magharibi mara tu jua likizama, dirishani panatosha. Na mwezi ukishapita upevu, anauona asubuhi akienda shule.

*Mwalimu wa Lindi vijijini: Naweza kuunganisha na dinosaria waliofukuliwa kilima cha Tendaguru, huku Lindi? Si waliuawa na jiwe kutoka angani?*

Waunganishe, lakini tuwe waangalifu. Wa Tendaguru waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na jiwe lile lilianguka Mexico miaka milioni 66 iliyopita. Halikuwakuta. Liandikie sentensi mbili, watoto waeleze kipi kilitangulia: "kabla ya", "baada ya".

*Mwalimu wa Newala: Na mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, daftari libaki tupu?*

Lisibaki tupu. Aandike "Sikuuona mwezi," ukanushi huo umeupata bure. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "Mwezi haukuonekana lakini maji yamefika kwenye minazi, kwa hiyo upo."