Kibuyu chirizi: kukifunga kisichakae mapema

Kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kunawia mikono kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kifungwe hatua chache tu kutoka mlango wa choo, pale mtu anapopita akitoka. Kikiwekwa jikoni, watoto hawakifuati.

Tafuta kidumu cha lita 5 cha mafuta ya kupikia, chenye mkono wenye uwazi, na ukisafishe. Pasha moto msumari mwembamba, kisha toboa tundu moja upande ulio mbali na mkono, sentimita 12 hivi chini ya mdomo. Tundu lisizidi milimita 3. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiona maji yanatoka taratibu wanalipanua, kidumu kinakauka kabla ya saa sita na hakuna wa kukijaza tena. Maji yakikatika-katika, shida huwa ni hewa. Legeza kizibo kidogo.

Miti miwili yenye panda, mita 2 kila mmoja, ichimbie nusu mita, ukiachanisha sentimita 70. Babua kwanza sehemu inayoingia ardhini hadi iwe nyeusi, la sivyo mchwa watakuwahi. Mti wa mlalo upite ndani ya mkono wa kidumu, ulale juu ya panda.

Toboa kizibo katikati, pitisha kamba ya nailoni (ya katani huoza kwa mvua) na uipige fundo kwa ndani. Ncha ya chini ifunge kwenye kijiti cha kukanyagia cha sentimita 90: upande mmoja ukae chini, ule wenye kamba uning'inie kama sentimita 15 juu ya ardhi. Kamba ikiwa fupi mno, kidumu hubaki kimeinama na kuchuruzika mchana kutwa. Mjaribishe mtoto wa miaka 5. Asipokiinamisha kwa mguu, rekebisha urefu wa kamba.

Jaza maji mpaka yaanze kudondoka tunduni, basi. Sabuni itoboe uitundike kwa kamba, na juu yake uweke kifuniko cha kopo kuzuia mvua. Sabuni ikiisha, majivu safi yatasaidia.

Chini chimba shimo la nusu mita kwa nusu mita, kina cha sentimita 15 au zaidi, ujaze kokoto. Bila hilo patakuwa tope, na watu wataanza kupakwepa. Kwenye udongo wa mfinyanzi, chimba mfereji mdogo upeleke maji hayo kwenye shina la mgomba.