Kukata rufaa kutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu, Milimani, Nairobi

Nimemsaidia jirani wa Kayole kukata rufaa ya kesi ya madai bila wakili, na wengine wameniuliza njia tuliyopita. Ya jinai usiifuate hapa. Muda wake ni siku 14 tu.

1. Hesabu siku. Una 30 tangu hukumu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukitoka Mahakama ya Madai Madogo, rufaa ni ya hoja za sheria pekee. Kulalamika kwamba shahidi fulani aliaminiwa bure hakutakufikisha popote.

2. Omba mwenendo wa kesi, yaani rekodi ya yote yaliyosemwa na kutolewa mahakamani. Hapa ndipo rufaa nyingi hukwama. Siku ile ile ya hukumu, iandikie masijala ya mahakama iliyoamua, uombe mwenendo uliochapwa na nakala zilizothibitishwa za hukumu na dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu). Usiombe kwa mdomo, hata karani awe mwema vipi. Barua yako igongwe muhuri, ubaki na nakala. Dikrii ikichelewa, omba cheti cha kuchelewa: siku ambazo mahakama itathibitisha zilitumika kuiandaa hazihesabiwi katika zile 30. Lakini usikae ukingoja makaratasi ndipo uwasilishe rufaa! Kanuni zinaruhusu hati ya rufaa, ile yenye sababu zako za kupinga hukumu, itangulie, dikrii ifuate.

Ukipata mwenendo, usome ukurasa kwa ukurasa. Jaji hatawaita mashahidi upya. Ataupima ushahidi kwa kusoma hayo yaliyochapwa. Jibu lililorukwa na mchapaji, kwake halikusemwa. Risiti isiyokuwemo, kwake haipo. Ukiona pengo, dai marekebisho kwa maandishi mapema.

3. Hati ya rufaa. Kila sababu na nambari yake, bila masimulizi wala mabishano. Sababu nne nzito zinashinda kumi na mbili zinazorudiana. Iwasilishe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, ulipie.

4. Mzuie dalali, yule anayetumwa kukamata mali yako ili hukumu ilipwe. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Peleka ombi la kuusimamisha pamoja na hati ya kiapo, ueleze hasara kubwa itakayokupata, uonyeshe hujachelewa, na utaje dhamana, yaani utakachoweka ili mpinzani alipwe ukishindwa. Hiyo ya mwisho wengi huiacha wakidhani jaji ataiuliza. Itaje mwenyewe, kiasi na mahali utakapoiweka.

5. Mkabidhi mpinzani hati, wasilisha kumbukumbu za rufaa (karatasi zote za kesi zilizofungwa pamoja), kisha fuatilia tarehe. Mwaka ukipita tangu umkabidhi hati bila rufaa kupangiwa kusikizwa, msajili ataipeleka mbele ya jaji ili itupwe.