Canter ikigoma asubuhi ya baridi, tazama moshi kwanza

Mwezi wa 7 Njombe au Makambako, Canter ya zamani ikigoma kuwaka alfajiri, usikimbilie kushusha pampu ya dizeli. Mwambie utingo apige stata, wewe simama kwenye ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui: shuku hita plagi, zile plagi za kupasha moto injini kabla ya kuwaka. Fungua bamba linaloziunganisha, bana waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa.

Moshi hautoki kabisa? Filta imeziba au kuna hewa kwenye mpira wa mafuta. Stata inazunguka kivivu? Anza na betri na vichwa vyake.

Ile spirei ya kuwashia achana nayo, kwenye injini yenye hita plagi inaweza kulipukia kwenye manifodi, njia ya kuingizia hewa.