Kufunga bipodi kwa bunduki ya shabaha ya mbali, itulie kabisa

Wengi wakianza kulenga mita 300 kwenda mbele wanakimbilia bipodi (ile miguu miwili ya kuegemeza bunduki mbele) ya bei kubwa, wanaifunga harakaharaka halafu wanashangaa risasi zinapanda na kushuka. Mi nasema ile ya kawaida ikikazwa vizuri na nyuma pakawa na kifuko cha mchanga inaishinda ya bei inayochezacheza. Piga hesabu tu, kosa la MOA moja (kipimo cha pembe, digrii moja ukiigawa mara 60) kwa mita 100 ni kama sentimita 3, lakini kwa mita 600 ishakuwa sentimita 17 na zaidi.

Kwanza bunduki iwe tupu. Toa magazini, vuta bolti nyuma, chungulia chemba halafu ipapase kwa kidole. Na kazi hii ifanyie reinji, leseni yako iko sawa na msimamizi yuko hapo, hilo halina mjadala.

Bipodi inafungwa mbele kwenye mbao, yaani mwili wa bunduki unaobeba mtutu, au reli ya chini, kadiri iwezavyo kwenda mbele, manake ikikaa mbele zaidi ndo bunduki inatikisika kidogo zaidi. Usiifunge kwenye mtutu hata siku moja! Ukishakaza, chukua karatasi ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele kurudi nyuma, kisha egemea bunduki kidogo uipitishe tena. Ikikwama mahali ujue mbao inagusa mtutu ukikandamiza, na hapo shabaha itakuwa inahama bila wewe kuelewa sababu. Shika miguu uitikise pia, ukisikia kale kamlio ka kugongana rudi kwa skrubu.

Miguu iweke chini uwezavyo, mradi shingo isiumie. Zile za inchi 6 mpaka 9 zinatosha watu wengi wakilala kifudifudi. Kama ardhi imeinama refusha mguu mmoja, na uweke pima maji ndogo kwenye skopu, ile darubini ya kulengea, kwa sababu bunduki ikilala upande kule mbali risasi inakwenda upande huohuo.

Sasa sakafu. Kwenye simiti raba za miguu zinaruka risasi ikitoka, kwa hivyo tandika mkeka mzito au kipande cha zulia. Kwenye mchanga wetu wa pwani kandamiza miguu mpaka ifike pagumu ndo ulale, la sivyo itakuwa inazama kila ukifyatua.

Hapa ndo penyewe. Lala nyuma ya bunduki mwili unyooke nayo, usilale mshazari, kisha sukuma bega mbele kidogo mpaka usikie ule ulegevu wa miguu umeisha, basi, usiendelee kusukuma kwa vidole vya miguu kama unasukuma mkokoteni. Msukumo uwe uleule kila risasi, ukibadilisha tu utaona matundu yanatawanyika. Mkono wa kushoto usishike mbele, upeleke nyuma chini ya kitako ukabinye kifuko, ukibinya alama ya kulengea ndani ya skopu inashuka, ukilegeza inapanda, na hivo ndo unarekebisha bila kusumbua mabega.

Halafu funga macho, vuta pumzi mbili tatu, toa, fungua. Kama alama imehama usiivute kwa misuli, sogeza mwili mzima na bipodi mpaka irudi yenyewe. Fyatua kavu mara kadhaa bila risasi ukitazama alama, ikiruka triga inapoachia basi bado hujatulia.

Upepo bipodi haikusaidii, iwe kusi au kaskazi huo utausoma mwenyewe.

Na kwa sisi wa Mombasa, Nyali, Bamburi na huko kote karibu na bahari, chumvi inakula springi upesi. Ukirudi nyumbani futa miguu kwa kitambaa kikavu, pitisha mafuta kidogo sana, ukiyazidisha mchanga unanata na miguu inaanza kukwama.