Jinsi ya kusoma majibu ya cagA na vacA ya H. pylori

Kama upo maabara na umeshika majibu ya PCR (kipimo cha kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA) ya biopsi ya tumbo (kinyama kidogo kilichokatwa tumboni) kutafuta H. pylori, bakteria wa tumbo, usikimbilie jeni ya cagA. Kwanza angalia bakteria mwenyewe yupo? Tumia jeni ambayo kila H. pylori anayo, ureA au glmM, maana hiyo ikikosa basi yanayofuata yote hayasomeki, labda DNA ni kidogo au mgonjwa alikuwa bado anameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi (aache wiki 2 kabla ya endoskopi, antibayotiki wiki 4).

Ikitoka ndio uende cagA. Hii siyo kila bakteria anayo, inakaa kwenye kipande cha DNA cha herufi kama 40,000 kinaitwa cag PAI, na kipande hichohicho kinabeba jeni za kutengeneza kama sindano hivi, inachoma seli ya tumbo na kuingiza protini ya CagA. Ikiwepo, hatari ya vidonda na kansa ya tumbo inapanda.

Ikitoka hasi tulia kabisa, hapa ndio majibu mengi yanaharibika. Inawezekana bakteria hana kweli, inawezekana pia praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR pa kuanzia) hazijashika, kwa sababu H. pylori anabadilika mno, wakikutana wa aina mbili kwenye tumbo moja wanapeana DNA, na wa kwetu Afrika wana makundi yao kabisa kama hpAfrica1 na hpNEAfrica, kwa hiyo praima iliyopangwa kwa kuangalia bakteria wa Ulaya inaweza kupita bila kuona kitu. Rudia na praima za sehemu nyingine ya cagA, alafu ongeza PCR ya praima zinazokaa pande mbili za pale cag PAI inapokaaga. Bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) ikitoka, kipande hakipo, maana kingekuwepo PCR ya kawaida isingeweza kuvuka umbali wote huo. Bendi hiyo na ya cagA zikitoka zote mbili, mgonjwa ana bakteria mchanganyiko.

vacA, jeni ya sumu ya bakteria huyu, usiulize ipo au haipo, wote wanayo, uliza ni aina gani: s1 au s2 ni aina za mwanzo wa jeni, m1 au m2 za katikati yake. Kwa praima zile zinazotumika sana bendi ya s1 ni herufi 259 za DNA, s2 ni 286, tofauti ni 27 tu, kwa hiyo jeli iwe ya agarosi asilimia 2, iache itembee muda mrefu na weka kontroli (sampuli unazojua aina yake) za s1 na s2 pembeni, kukisia kwa macho hapana jamani. s1m1 ndio kali zaidi, s2m2 sumu yake karibu haifanyi kitu. Ukiona s1 na s2 pamoja usitupe sampuli, ni mchanganyiko tena, ndio maana inafaa biopsi ichukuliwe antrumu (sehemu ya chini ya tumbo) na kopasi (sehemu ya katikati).

Na daktari akikuuliza dawa gani itafanya kazi, cagA na vacA hazimjibu. Usugu wa clarithromycin, antibayotiki, unatafutwa kwenye jeni ya 23S rRNA ya bakteria, hasa badiliko la A2143G (herufi A ya nafasi ya 2143 kugeuka G).