Kabla Hujamwombea Rafiki: Weka Moyo Sawa Kwanza

Huku kwetu mtu akikuambia "niombee", wengi tunajibu "amina, tuko pamoja", halafu tunaendelea kuchambua mboga. Wengine ndio hao wanaopiga magoti hapo hapo na kufumba macho, maneno yakimiminika kabla hata aliyeomba kuombewa hajamaliza kueleza. Wote wanakosea. Kumwombea rafiki ni kazi, na kazi ina maandalizi yake. Haya nimeyaona huku kusini mwa Tanzania, Masasi, Ndanda na Mtwara mjini, kwenye jumuiya ndogondogo za Kikatoliki, misibani na wodini, na baadhi nimeyaona yakiumiza watu waliokuwa wameumia tayari.

La kwanza ni kusamehe, na sitalirefusha. Marko 11:25 iko wazi: msimamapo na kusali, sameheni. Kama una neno na rafiki yako kwa sababu hakutokea kwenye unyago wa binti yako, au amekaa na jembe lako tangu masika, malizana naye ndipo umtaje mbele za Mungu. Ayubu aliwaombea marafiki waliokuwa wamemsimanga kwamba shida zake ni dhambi zake, na ni hapo alipowaombea ndipo Bwana akaugeuza uteka wake. Na hao marafiki, tuwatendee haki, walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Muda nao upange. Usiseme utaomba "nikipata nafasi", nafasi haipatikani. Alfajiri ni nzuri, ila msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, usijidanganye kwamba utapata utulivu shambani. Mashine zinaunguruma kabla jua halijatoka.

Kisha muulize anataka nini. Yesu alimwona Bartimayo ni kipofu, tena kipofu anayepiga kelele njiani, na bado akamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Sisi hatuulizi. Kuna dada kikundi kizima kilimwombea apate mume wiki hadi wiki, wakati yeye alichosema kinamnyima usingizi ni deni la kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza.

Sasa tuje kwenye lile ambalo watu hawaliandai kabisa, nalo ni mdomo. Ukipewa jambo la kuombea umepewa siri, hata kama aliyekupa hakusema "usimwambie mtu".

Rafiki yangu mmoja, mke wa mkulima upande wa Masasi, mwanawe alichaguliwa kidato cha tano mkoa wa mbali. Ilikuwa mwezi wa sita. Wanaoishi na korosho wanaujua mwezi wa sita: hela za msimu uliopita zimekwisha, minada ni mpaka Oktoba, na dawa ya mikorosho inataka kununuliwa. Mume yupo, ila ni wale wa "tutaona". Mama akaona mtoto atabaki nyumbani. Akauza korosho kwa kangomba, yaani akachukua hela taslimu kwa bei ya kutupa, kwa ahadi ya kutoa mzigo msimu ukifika. Godoro likanunuliwa, tranka likanunuliwa, mtoto akapanda basi. Mume akaambiwa mjomba amesaidia.

Kwa asiye mwenyeji, kangomba ni biashara iliyokatazwa, si jambo la kutaja ovyo. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kuibeba, wakulima walihakikiwa kwanza ili wenye korosho za kangomba wajulikane. Tangu hapo neno lenyewe mtu hulitamka akiangalia pembeni.

Oktoba ilipokaribia, usingizi ukamkata. Akamwendea mama mmoja wa jumuiya yetu, mwombaji anayejulikana, anayeitwa kwenye kila nyumba yenye mgonjwa. Hakumwomba hela. Alimwomba amwombee apate ujasiri wa kumwambia mume wake mwenyewe, kwa kinywa chake.

Siku ya jumuiya tulikaa uani kwenye mikeka. Rozari ikaisha, zikaja nia, yaani maombi ya kila mmoja. Yule mama akaanza na Baba Mtakatifu, akaja kwa mapadre, akaombea mvua. Halafu sauti ikashuka, ikawa ya machozi machozi. "Tumwombee dada yetu mmoja, jina Bwana unalijua, aliyeuza korosho za familia kwa kangomba bila mume wake kujua, ili mtoto aende kidato cha tano. Ee Bwana, mpe ujasiri." Tukaitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie" kwa mazoea, na katikati ya kuitikia watu wakaanza kupiga hesabu. Wenye mtoto kidato cha tano pale uani walikuwa wawili, na mmoja wao mjane.

Rafiki yangu hakuitikia. Alikuwa anachomoa ukindu kwenye ukingo wa mkeka, uzi mmoja mmoja, kama ametumwa. Wifi yake alikuwa ameketi mbele yake. Tuliposema amina, yule wifi hakusema kitu. Alisimama, akajifunga khanga yake upya, akaaga kabla chai haijaletwa.

Mume hakumpiga. Alimnyamazia msimu mzima. Mzigo aliupeleka mwenyewe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na hela zilipoingia benki mke alisikia kwa majirani. Aliyenunua kwa kangomba naye akawa anakuja kudai mlangoni mchana kweupe. Ule ujasiri aliouomba haukuwa na kazi tena, kwa sababu la kusema lilikuwa limeshasemwa na mwingine. Jumuiya hakurudi. Siku hizi anasali misa ya kwanza parokiani, anakaa benchi la nyuma, na matangazo yakianza anatoka.

Yule mama mpaka leo anasema alimwombea kwa upendo, na mimi namwamini. Hakuwa mmbeya. Ni kwamba moyo wake haukuwa umezoea kubeba kitu kizito bila kuonekana umebeba. Mithali 11:13 inasema mwenye roho ya uaminifu husitiri mambo, na kusitiri ni mazoezi, hakuji siku ile ile ya kusali.

Kwa hiyo kabla hujamwombea rafiki, jipime hivi: nikiliombea jambo hili chumbani, mlango umefungwa kama Mathayo 6:6 inavyoagiza, na Mungu akajibu, na nisipate hata mtu mmoja wa kumsimulia, nitaridhika? Kama ulimi unawasha, bado hujawa tayari. Omba kwanza kwa ajili ya ulimi wako.

Mkiwa wengi, sema tu, "Tumwombee mwenzetu mwenye jambo zito." Inatosha. Warumi 8:26 inatuambia hatujui kuomba jinsi itupasavyo na kwamba Roho mwenyewe hutuombea. Maelezo yako marefu yanawafikia waliokaa mkekani, Mungu alikuwa anajua tangu mwezi wa sita. Ile "jina Bwana unalijua" iacheni kabisa, maana haijawahi kuficha jina la mtu kijijini. Na ukitaka kulipeleka jambo jumuiya, kamuulize mwenyewe: nilitaje au nisilitaje? Akisita, jibu umeshalipata.

Mengine nayapitia haraka.

Andaa mikono pia. Rafiki hana unga na wewe una debe zima ndani, usimwombee apate unga. Yakobo 2:15-16 iliwasema watu wa namna hiyo zamani.

Rafiki mgonjwa, awe amelazwa hospitali ya Ndanda, Nyangao au Ligula, muombee na dawa azimeze. Usithubutu kumwambia aache vidonge kwa sababu umesikia amani moyoni ulipokuwa unasali. Amani yako si kipimo cha maabara. Wodini punguza sauti, kitanda cha pili kuna mtu anatafuta usingizi.

Marafiki Waislamu, nao ni wengi huku kuliko sisi, waombee kama marafiki. Mwenzako amekuja kukusaidia kuchimba kaburi la baba yako, halafu wewe unasimama unamwombea kwa sauti kana kwamba yeye ndiye tatizo la mtaa? Mwombee mema, na akikuambia naye amekuombea dua, sema ahsante.

Ukiona "umeoneshwa" kitu kuhusu rafiki, hasa kwamba aliyemroga ni shangazi yake au jirani wa upande wa pili, nyamaza. Nyamaza tena. Nyumba zimegawanyika kwa maono ya namna hiyo, na muonaji huwa hayupo siku ya kuzipatanisha.

Usijibebeshe majina arobaini kwa usiku mmoja. Chukua wachache na uwe mwaminifu kwao, kama Epafra, ambaye Paulo anasema alikuwa akifanya bidii siku zote katika maombi kwa ajili ya Wakolosai. Jibu likichelewa, usianze kumchunguza rafiki ana dhambi gani. Hapo umeshakuwa mmoja wa wale watatu wa Ayubu.

Kuhusu simu: usirekodi maombi ya mtu ukayatuma kwenye kundi la WhatsApp, hata kundi liwe la waombaji watupu, kwa sababu sauti husambazwa na kundi lenyewe hujui nani kaongezwa jana. Na kama unaandika majina na shida zao kwenye daftari ili usisahau, andika herufi ya kwanza tu, na daftari usiliache mezani. Watoto wanasoma siku hizi.